Programu Inagoma Kufunguka Kwenye Kompyuta ya Zamani: Tafuta Chanzo Kabla ya Kupiga Windows

Ushauri unaotolewa haraka kuliko wote kwenye meza za mafundi, kuanzia Kariakoo hadi Mwenge, ni huu: programu ikigoma kufunguka, piga Windows upya, yaani ifutwe na kuwekwa tena. Mteja analipa, anaacha laptopu mpaka kesho, anarudishiwa mashine isiyo na draiva (programu ndogo inayoiwezesha Windows kutumia kifaa) ya printa wala mafaili yaliyokuwa kwenye desktopu. Anaweka programu yake, na inagoma vilevile. Inagoma kwa sababu Windows haikuwa imeharibika. Lilikosekana faili moja la msaada, au programu ilikuwa ya biti 64 na Windows ni ya biti 32 (biti ni kipimo cha upana wa data inayoshughulikiwa kwa mara moja), au prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya mwaka 2008 ilipewa programu iliyoandikwa kwa ajili ya prosesa za juzi.

Mwongozo huu ni wa mwenye mashine ya umri huo: Core 2 Duo, Pentium, Celeron, au Core i3 na i5 za vizazi vya mwanzo, RAM ya GB 2 au 4, Windows 7, 8.1 au 10. Mashine hizi ndizo zinazobeba steshenari nyingi za mjini, ofisi ndogo na wanafunzi wengi wa vyuo, na bado zina miaka ya kazi. Hatua nimezipanga kwa gharama: zisizokula bando wala hela zinatangulia. Zifuate kwa mpangilio.

Itazame inavyogoma

Kuna namna tatu za kugoma. Ya kwanza, unabofya mara mbili na kisanduku cha ujumbe kinatokea. Hii ndiyo rahisi kuliko zote, lakini watu wengi wanabofya OK kabla hawajasoma. Upige picha kwa simu ujumbe wote, pamoja na namba inayoanza na 0x na jina la faili kama limetajwa. Ya pili, kiduara cha kusubiri kinazunguka kidogo, kisha kimya. Ya tatu, nembo ya programu inatokea, halafu inajifunga au inaganda.

Kwa hizo mbili za mwisho, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager itafunguka. Ingia sehemu ya Details (kwenye Windows 7 inaitwa Processes), kisha fungua programu tena huku macho yako kwenye orodha. Jina la programu likitokea na kupotea ndani ya sekunde chache, programu inaanza na kuanguka. Kumbukumbu ya anguko hilo ipo, na nitaonyesha pa kuisoma. Likibaki pale bila dirisha lolote kuonekana, nakala iliyofunguliwa mwanzo imekwama: zimalize zote kwa End task, ufungue upya. Lisipotokea kabisa, kuna kitu kinaizuia isianze, na mara nyingi kitu hicho ni antivirusi.

Mambo ya dakika tano

Anza na Restart. Usitumie Shut down. Windows 8 na 10 zina kitu kinaitwa Fast Startup: ukizima kwa Shut down, sehemu ya ndani ya Windows inahifadhiwa kwenye diski na kurudishwa vilevile asubuhi. Mtu anaweza kuzima kompyuta kila jioni na hitilafu ikalala na kuamka naye. Restart ndiyo inayoanza upya kweli.

Kisha angalia nafasi kwenye diski C. Kwenye mashine ya RAM ndogo, Windows inategemea sana kuazima nafasi ya diski ili iongezee kumbukumbu. Ikibaki GB 1 au 2, programu kubwa hazina pa kupumulia. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cleanmgr, bonyeza Enter, ufute mafaili ya muda na takataka zilizopo Recycle Bin. Video za harusi na mafilamu hamishia kwenye diski ya nje.

Kama programu uliipata ndani ya zipu, usiifungulie humo humo. Bofya zipu kwa kitufe cha kulia, chagua Extract All, ndipo uifungue kutoka kwenye folda mpya. Programu nyingi huja na mafaili wenzake, na ukiifungulia ndani ya zipu haiyaoni.

Tarehe nayo itazame kwa makini. Kompyuta ya mezani ya miaka mingi huwa betri yake ndogo ya ubao mama, CR2032, imeshakufa. Umeme ukikatika, au ukizima swichi ya ukutani usiku, saa inarudi miaka mingi nyuma. Kuanzia hapo vyeti vya usalama vya intaneti vinaonekana kama havijaanza kutumika, leseni inasomeka si halali, kivinjari kinatoa NET::ERR_CERT_DATE_INVALID, na kila programu inayotaka kuingia mtandaoni inapofunguka inagoma. Weka tarehe sahihi, na kwenye orodha ya majira chagua UTC+03:00 Nairobi, ambayo ni saa yetu pia. Tarehe ikirudi nyuma tena kesho yake, nunua betri mpya. Ni ile ya duara inayopatikana hata kwa mafundi saa. Tatizo hili ni dogo, lakini kwa nje linafanana kabisa na kompyuta iliyokufa.

Antivirusi, flashi na kraki

Fungua antivirusi yako (kwenye Windows 10 ni Windows Security), ingia kwenye historia ya ulinzi, uone kama faili la programu limewekwa kizuizini. Kama programu umeipakua kwenye tovuti ya walioitengeneza, unaweza kulirudisha faili na kuipa ruhusa. Kama ilitoka kwenye flashi ya rafiki ikiwa na kraki (faili la kukwepa leseni), usiirudishe. Faili la kraki ni faili lililobadilishwa na mtu usiyemjua, na antivirusi ina kila sababu ya kulikataa. Wanafunzi wengi wanapotezea ripoti zao hapo. Kwa takwimu kuna PSPP badala ya SPSS, kwa ramani kuna QGIS, kwa barua na majedwali kuna LibreOffice. Zote ni za bure kihalali, na LibreOffice na PSPP hazihitaji mashine kubwa.

Halafu kuna kirusi cha shotikati, kinachosambaa kwa flashi zinazopita steshenari moja hadi nyingine. Unafungua flashi, kila folda imegeuka shotikati na mafaili hayaonekani. Mara nyingi mafaili yapo, yamefichwa tu. Skani flashi kwanza kwa antivirusi iliyo na masasisho, kisha fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) na uandike, ukibadilisha E kuwa herufi ya flashi yako:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Mafaili yatarudi kuonekana. Nakili unayoyahitaji, ufute zile shotikati bila kuzibofya.

Ijue mashine yako

Chukua karatasi. Bonyeza Windows na R, andika winver: utaona toleo la Windows. Kama ni Windows 7, hakikisha imeandikwa Service Pack 1, yaani Build 7601. Bila hiyo, vifurushi vingi vya msaada nitakavyovitaja havikubali kuingia. Rudia tena, andika msinfo32: andika jina la prosesa, kiasi cha RAM na mstari wa System Type. Mwisho andika dxdiag, fungua sehemu ya Display, uandike jina la kadi ya picha na tarehe ya draiva yake.

Mstari wa System Type una uzito kuliko unavyoonekana. x86 ni Windows ya biti 32, x64 ni ya biti 64. Kompyuta nyingi za GB 4 zilipigwa Windows ya biti 32 ingawa prosesa zake zinamudu biti 64. Kwenye Windows 10, ukifungua Settings, System, About, inaandikwa wazi: "32-bit operating system, x64-based processor". Ukiona maneno hayo, jua kwamba mashine ina uwezo ambao Windows iliyopo haiutumii. Hii ni moja ya hali chache ambapo kupiga Windows upya, ya biti 64 safari hii, ni jibu sahihi.

Je, programu na mashine ni rika moja?

Hapa ndipo kesi nyingi zinapoishia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ujumbe "This app can't run on your PC", au "is not a valid Win32 application", kwa kawaida unamaanisha mambo mawili: umeweka ya biti 64 kwenye Windows ya biti 32, au faili limepakuliwa nusu kwa sababu bando lilikata katikati. Linganisha ukubwa wa faili lako na ulioandikwa kwenye tovuti. Ukilingana, tafuta toleo la biti 32, na ujue kwamba baadhi ya programu kubwa zimeshaliacha: AutoCAD ya mwisho ya biti 32 ni ya 2019.

Umri wa Windows nao ni mpaka. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, Windows 8.1 tarehe 10 Januari 2023, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Watengenezaji wengine wanafuata nyuma yake. Chrome ya mwisho inayokubali Windows 7 na 8.1 ni namba 109. Kuanzia 110, ya Februari 2023, inahitaji Windows 10. Kwa Firefox, ya mwisho kwa Windows 7 ni tawi la 115 ESR, yaani toleo linalohudumiwa kwa muda mrefu. Ukilazimisha toleo jipya zaidi unamaliza bando bure.

Kuna mpaka wa tatu ambao mafundi wachache wanautazama: amri za prosesa. Programu nyingi za sasa za video, sauti na akili bandia zinatumia amri ziitwazo AVX, zilizoingia kwenye prosesa za Intel mwaka 2011. Core 2 Duo haina AVX, haina hata SSE4.2 (kundi la amri lililoitangulia), na Celeron na Pentium nyingi za miaka iliyofuata zilitolewa bila AVX. Programu kama hizo zikifunguliwa humo zinaanguka kimya, bila neno. Pakua CPU-Z, ni ndogo na ya bure, usome mstari wa Instructions. Kama AVX haipo na programu inaihitaji, hakuna draiva wala Windows itakayoileta.

Kwa wanaochora, wakiwemo wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi wenye laptopu za kurithi, mpaka ni OpenGL, lugha ambayo programu huitumia kuiagiza kadi ya picha kuchora. Chukua mfano wa Blender, programu ya bure ya kuchora 3D. Kuanzia 2.80 inataka OpenGL 3.3, na kuanzia 4.0 inataka 4.3. Kadi za picha za Intel za enzi za Core 2 Duo hazifiki hata 3.3. Ukifungua utaambiwa kwamba kadi yenye OpenGL 3.3 au zaidi inahitajika. Jaribu kwanza draiva mpya kutoka tovuti ya aliyetengeneza laptopu, kwa sababu draiva ya kawaida inayokuja na Windows inaweza kuonyesha uwezo mdogo kuliko kadi ilionao. Ikishindikana, Blender wamehifadhi matoleo yao yote ya nyuma kwenye tovuti yao: 2.79b inafanya kazi kwa OpenGL 2.1.

Toleo la zamani linalofunguka ni bora kuliko jipya linaloonyesha nembo tu. Lichukue kwenye tovuti ya wenyewe. Tovuti za kubahatisha zinakubebesha vitu vingine ndani yake.

Ujumbe unaotaja faili la .dll

"VCRUNTIME140.dll is missing." Ukiona jina la namna hii, usiende kulitafuta faili hilo peke yake mtandaoni (.dll ni faili la msaada ambalo programu nyingi hulitumia kwa pamoja). Tovuti zinazogawa dll moja moja hazikuhakikishii ni toleo lipi wala ni la nani. Faili hilo ni sehemu ya kifurushi cha Microsoft kiitwacho Visual C++ Redistributable, kinachotolewa bure, na namba kwenye jina ndiyo inayokuambia ni kifurushi kipi:

- MSVCR100.dll ni ya 2010
- MSVCR110.dll ni ya 2012
- MSVCR120.dll ni ya 2013
- VCRUNTIME140.dll na MSVCP140.dll ni za kifurushi cha 2015–2022

Kosa linalorudiwa sana ni kuweka cha x64 tu kwa kuwa Windows ni ya biti 64. Programu ya biti 32 inahitaji cha x86 hata ikiwa ndani ya Windows ya biti 64. Weka vyote viwili. Ni MB chache.

Kama jina ni refu na linaanza na api-ms-win-crt, mashine ya Windows 7 au 8.1 imekosa sasisho KB2999226. Michezo ya zamani inayolalamikia d3dx9_43.dll inahitaji DirectX End-User Runtimes ya Juni 2010. Namba 0xc000007b mara nyingi ni mchanganyiko wa mafaili ya biti 32 na 64, na ndiyo matokeo ya kawaida ya kuokota dll mtandaoni: futa zile ulizobandika, weka vifurushi rasmi. Namba 0xc0000135 inaashiria faili la msaada lililokosekana, mara nyingi .NET Framework, kifurushi cha Microsoft ambacho programu nyingi za Windows hukitegemea. Toleo la 4.8 linaingia hadi Windows 7 yenye Service Pack 1. Programu za zamani za uhasibu na za maduka zinaweza kutaka 3.5, ambayo kwenye Windows 10 unaiwasha kwenye "Turn Windows features on or off".

Kwa Windows 7 iliyopigwa kutoka kwenye DVD ya zamani bila masasisho, weka kwanza KB4490628 na KB4474419. Bila hayo haitambui saini za kidijitali za SHA-2 (alama za kuthibitisha kwamba faili ni la mtengenezaji), na draiva mpya zinakataliwa kana kwamba ni bandia.

Pakua vifurushi vya aina isiyohitaji intaneti wakati wa kuviweka, uvihifadhi kwenye flashi. Vitakufaa kwenye kila mashine ya ofisi.

Soma kumbukumbu ya anguko

Programu inapoanguka kimya, Windows inaandika. Bonyeza Windows na R, andika eventvwr.msc. Fungua Windows Logs, kisha Application. Fungua programu yako igome, rudi hapa, bonyeza F5, utafute alama nyekundu ya Error ya dakika hiyo hiyo. Bofya ile ambayo Source yake ni Application Error. Mistari miwili inakutosha: Faulting module name (faili ambalo anguko lilitokea ndani yake) na Exception code (namba ya kosa).

Exception code ikiwa 0xc000001d, prosesa imepewa amri isiyoijua. Rudi kwenye habari ya AVX. Module ikiwa nvoglv64.dll au ig4icd32.dll, aliyeanguka ni draiva wa kadi ya picha, ya kwanza ni ya NVIDIA na ya pili ni ya Intel: badilisha draiva, na kama draiva mpya ndiyo iliyoleta shida, irudishe ya zamani kupitia Device Manager, Roll Back Driver. Ikiwa ntdll.dll na 0xc0000005, taarifa peke yake haitoshi. Pima RAM kwa kuandika mdsched, mashine itajizima na kujipima.

Kuna moja inayolingana sana na mazingira yetu. Module ni KERNELBASE.dll, code ni 0xe0434352. Hiyo ni programu ya .NET. Jirani yake kwenye orodha kutakuwa na Error ya .NET Runtime, namba 1026. Isome. Ikitaja ConfigurationErrorsException, faili la mipangilio la programu, user.config, limeharibika, na jambo hili hutokea umeme unapokatika wakati programu inaandika mipangilio yake. Bonyeza Windows na R, andika %localappdata%, ingia folda ya kampuni ya programu, litafute user.config na ulibadilishe jina liwe user.config.zamani. Fungua programu: itatengeneza jingine jipya. Utapanga upya printa na rangi, lakini data zako kwa kawaida hazikai humo.

Mbinu hiyo hiyo inazisaidia programu nyingi zisizo za .NET. Folda ya mipangilio iko kwenye %appdata%. Ibadilishe jina, usiifute, ili uweze kuirudisha.

Bado inagoma?

Bofya shotikati ya programu kwa kitufe cha kulia, Properties, Compatibility, uchague toleo la Windows ambalo programu iliandikiwa. Hii inasaidia programu ya zamani kwenye Windows mpya. Haiwezi kusaidia kinyume chake.

Jaribu pia kuwasha Windows bila wageni: andika msconfig, ingia Services, weka alama kwenye Hide all Microsoft services, zima zilizobaki, uwashe upya. Programu ikifunguka, zirudishe chache chache mpaka umpate mgomvi.

Baada ya hapo shuku diski. Joto, vumbi na umeme wa kukatika vinazichosha diski za kuzunguka. Pakua CrystalDiskInfo. Ikionyesha Caution au Bad, acha kila kitu na nakili mafaili yako leo hii. Kutengeneza programu kwenye diski inayokufa ni kupoteza siku. Ikiwa Good, fungua Command Prompt kwa Run as administrator, andika sfc /scannow, usubiri imalize. Kwenye Windows 8.1 na 10 fuatisha DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, ukijua kwamba hiyo inaweza kupakua mafaili na kula bando.

Kwa mashine inayofungua kila kitu ila kwa kusuasua mpaka programu inakata tamaa, SSD (diski ya kasi isiyozunguka) ya GB 240 na RAM ya kuongeza vinabadilisha maisha yake kuliko Windows mpya. Uliza kwanza aina ya RAM: ya DDR2 haiingii kwenye nafasi ya DDR3.

Na kama umefika hapa na umeamua kupiga Windows, mpe fundi karatasi yako yenye jina la prosesa, biti, RAM na kadi ya picha, pamoja na picha ya ujumbe uliopiga kwa simu. Mwambie programu unayoitaka na toleo lake, na mkubaliane kwamba huchukui mashine mpaka programu hiyo imefunguliwa mbele yako. Kabla hujaiacha, nakili Desktop, Documents, Downloads na folda ya data ya programu ya uhasibu kwenye diski ya nje, ukaifungue kwenye kompyuta nyingine uone kwamba mafaili yanasomeka.